Gesi ya hamira inakufa siku ya tano: tangi la lita 80, maji ya ziwa, Goma

Himbi80 (Goma)

Jambo bandugu. Tangi langu la samaki ni sm 80 × 30 × 35. Maji ni ya bomba, yaani ya ziwa Kivu, mawe ni ya lava, taa ya LED inawaka saa 9 kwa siku umeme ukiwepo. Ndani kuna mimea ya majini: vallisneria, anubias, bolbitis na rotala. Rotala inakonda kila wiki na mwani wa nyuzi unapanda kwenye mawe.

Ili kuilisha mimea gesi ya CO2 (kabonidioksidi), nilifunga chupa ya soda ya lita 1.5: sukari gramu 300, maji lita moja ya moto, hamira vijiko viwili vya chai, mpira wa serumu (dripu) kutoka farmasi, na jiwe la hewa la kutoa viputo mwisho wake. Siku ya kwanza gesi ilitoka kwa fujo, siku ya pili povu jeupe likaingia hadi ndani ya tangi, siku ya tano kimya kabisa. Sasa kuna ute mweupe kwenye jiwe la hewa. Nikipima pH (kipimo cha asidi ya maji) inasoma 8.4, na jedwali nililoliona linasema kwa pH hiyo CO2 ni kama hakuna.

Maswali: kosa liko wapi? Asidi sitriki na bikabonati ni bora kuliko hamira? Na nyumbani wanauliza kama chupa hii haitatuletea mazuku (ile gesi nzito inayotoka ardhini na kuua) ndani ya chumba.

---

Jiwe_Jeusi (Goma)

Kwanza neno moja kwa watakaosoma baadaye. Ukiingia dukani Birere ukasema "levire" tu, unaweza kupewa moja kati ya vitu viwili. Levire ya mkate ni chembe za kahawia kama mchanga mkavu. Hiyo ndiyo hamira, ina uhai. Levire ya keki ni unga mweupe laini: bikabonati, asidi na wanga vimeshachanganywa. Ukiitia maji inachemka dakika chache na imekwisha, tena inachemka kabla hujafunga kifuniko. Yako imefanya kazi siku tano, kwa hiyo ulipewa ya kweli.

Kosa lako ni vipimo. Hamira ndiyo inayoamua mwendo, sukari inaamua jumla ya gesi, na pombe ndiyo inayofunga kazi. Aliyewahi kuona kasiksi (pombe ya ndizi) ikichacha anajua: povu linapanda, halafu linatulia wakati utamu bado upo. Gramu 300 katika lita moja zingehitaji kufika pombe ya asilimia 15 na zaidi ili ziishe. Hamira ya mkate inachoka kwenye 10 au 12. Maana yake kama theluthi ya sukari yako ulikuwa unaimwaga bure, na vijiko viwili vya hamira vilimaliza sehemu iliyobaki kwa siku nne. Kama maji yalikuwa ya moto wa chai, sehemu kubwa ya hamira ilikufa hapo hapo. Kuanzia nyuzi 45 inaanza kuumia.

Fanya hivi. Sukari gramu 200, maji hadi lita 1.1 hivi (acha nafasi ya vidole vinne juu), hamira robo ya kijiko cha chai ambayo ni kama gramu moja, bikabonati nusu kijiko ili asidi isipande haraka. Maji ya bomba yalale wazi usiku mmoja klorini itoke, au yachemshe uyaache yapoe. Yakiwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto, koroga hamira pembeni katika kikombe na sukari kidogo kwa dakika 15. Isipotoa povu kikombeni, itupe, usipoteze sukari. Ikitoa, mimina chupani, tikisa mara moja, funga. Gesi huanza baada ya saa kadhaa, na katika baridi ya Goma inaweza kungoja hadi kesho yake. Usiongeze hamira kwa sababu ya haraka.

Gramu 200 za sukari zikichacha zote hutoa kama gramu 100 za CO2. Kwetu hapa, mita 1,460 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, kwa hiyo gesi hiyo inajaza kama lita 65, lakini kila kiputo kimebeba gesi kidogo zaidi kuliko kiputo cha mtu wa Mombasa. Ukisoma mahali "kiputo kimoja kwa sekunde", kwako kiongeze kidogo.

Chupa moja haitakupa mwendo ulio sawa hata ufanye nini. Funga mbili kwa kiungo cha T, ya pili ianze wiki moja baada ya ya kwanza, na kila chupa iwe na vali yake ya njia moja. Hapo utabadilisha chupa moja kila wiki, na mimea haitajua.

Povu: kati ya chupa na tangi weka chupa ndogo ya nusu lita yenye maji kidogo. Gesi iingie kwa mpira unaofika chini ya maji, itoke kwa mpira unaoishia juu. Povu litabaki humo. Ute mweupe ni bakteria wanaokula sukari na pombe iliyopita. Badilisha theluthi ya maji leo na kesho, washa hewa usiku, utakwisha wenyewe.

---

Majani_ya_Kadutu (Bukavu)

Nakubaliana na Jiwe_Jeusi isipokuwa kwamba hamira ni kazi ya kila wiki na hakuna namna ya kuizima usiku. Mimea gizani haili CO2, inaitoa kama samaki. Saa 11 asubuhi utakuta samaki wako juu ya maji wanahema. Kwa tangi la lita 80 lenye rotala, mimi ningehamia asidi sitriki.

Asidi sitriki ni ule unga mweupe wa chembe wa watengeneza juisi. Bikabonati iwe safi, si levire ya keki. Chupa mbili za soda, lita 1.5 au 2, zenye kitako cha miguu mitano. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, itapasuka.

Chupa A: asidi gramu 165, maji ml 300, tikisa mpaka iyeyuke. Chupa B: bikabonati gramu 200, maji ml 200. Haitayeyuka yote, itabaki uji chini, isikusumbue. Kila mahali utasoma "200 kwa 200", lakini gramu 200 za bikabonati zinamalizwa na asidi gramu 152 ikiwa kavu kabisa, au 167 ikiwa ile yenye maji ndani ya chembe. Kinachozidi hapo ni hela uliyoitupa.

Mipira ni hii. Wa kwanza unatoka chini kabisa ya A, unaingia juu ya B, na una vali inayoruhusu A kwenda B tu. Wa pili unatoka juu ya B, unarudi juu ya A, na vali yake inaruhusu gesi ya B kwenda A tu. Wa tatu unatoka juu ya B, unapita vali ya sindano ya kupunguzia, chupa ya kuhesabia viputo, halafu tangi. Watu wengi huusahau ule wa pili, halafu wanashangaa kwa nini wanaminya chupa kila saa. Kazi yake ni kuhifadhi presha ndani ya A. Tangi likivuta gesi, presha ya B inashuka, ya A imebaki juu, asidi inasukumwa yenyewe matone machache, gesi mpya inazaliwa, B inapanda tena, asidi inasimama. Mfumo unajilisha.

Kuanza: fungua vali ya sindano kidogo, minya A mpaka ml 10 hivi za asidi zivuke, subiri dakika mbili, rudia. Ukiminya nusu chupa kwa mara moja utapata bomu. Chupa ikiwa ngumu kama jiwe, achia gesi. Weka kipimo cha presha ukikipata, na usipite bar 2. Jioni unafunga vali na asidi inasimama. Kwa kiputo kimoja kila sekunde, saa 8 hadi 9 kwa siku, mchanganyiko huo unakaa wiki tatu na kitu.

Kifuniko ndicho kinachowashinda watu. Silikoni na gundi za kawaida hazishiki plastiki ya kifuniko. Zinaonekana zimeshika, baada ya siku tatu zinabanduka kama ngozi. Toboa shimo dogo kuliko mpira: mpira wa mm 6, shimo mm 5, kwa msumari uliopashwa moto au keekee. Kata ncha ya mpira mshazari kama kalamu, ipitishe kutoka juu, ivute kwa koleo upande wa ndani. Ikipita kwa shida, haitavuja. Halafu sabuni na maji kwenye kila kiungo. Viputo vikitokea, kaza upya.

---

Himbi80 (Goma)

Aksanti sana wayaya. Mambo matatu. Magadi ya mawe yale ya kupikia maharagwe yanaweza kuchukua nafasi ya bikabonati? Mpira wa serumu utanifaa kwa asidi? Na ile pH 8.4 mbona hamkuigusa?

---

Shaba_na_Mimea (Lubumbashi)

Magadi kwanza. Yanachemka na asidi, ndiyo, lakini humo bikabonati imefungamana na kabonati, na kabonati inakula asidi nyingi zaidi kwa gesi ile ile. Kwa asidi hiyo hiyo unapata theluthi mbili tu ya gesi. Tena yana udongo, na udongo huziba vali. Acha magadi kwenye maharagwe.

Kwa kuwa swali la asidi limefunguliwa, niseme kabla mtu hajajaribu: asidi ya betri, na hasa huku kwetu Katanga asidi iliyotoka kwenye viwanda vya shaba, isiguse mfumo huu. Inachoma mtu, inaweza kubeba metali, na hata ukiimimina juu ya chokaa inaacha ganda la jasi juu ya mawe na gesi inakatika. Siki ni salama lakini ni dhaifu: lita nzima ya siki ya asilimia 5 inamalizwa na gramu 70 za bikabonati na kutoa gramu 36 za gesi. Piga hesabu ya bei mwenyewe.

Sasa pH. Jedwali ulilolisoma lilikuwa na safu ya KH (kipimo cha bikabonati iliyomo majini), na nadhani umesoma ya KH 4. Maji ya Kivu si hayo. Yana bikabonati nyingi mno, KH yake hupita 30, magnesi nyingi, kalisi kidogo, na ziwani pH inakaa karibu 9. Hesabu ni hii: CO2 kwa mg/L = 3 × KH × 10 kwa kipeo cha (7 kutoa pH). Weka KH 35 na pH 8.4 upate kama 4 mg/L. Si nyingi, lakini si sifuri. Gesi yako iliingia. Kufika 30 mg/L kwa maji hayo, pH itashuka hadi 7.5 tu. Ukifuata jedwali la wengine mpaka ufike 6.6 utakuwa umepita 250 mg/L na samaki wote wamelala ubavu.

Kosa jingine la maji ya namna hiyo: kumimina ndimu au siki ndani ya tangi "kushusha pH". Lita moja ya maji yenu imebeba bikabonati ya kutosha kutoa zaidi ya nusu gramu ya CO2. Asidi inaiachia yote kwa pamoja. Usiguse.

Na swali ambalo hukuuliza: unahitaji gesi kweli? Vallisneria inakula bikabonati moja kwa moja, anubias haina haraka, bolbitis itafurahi lakini itaishi bila. Mimea mitatu kati ya minne haikudai. Rotala peke yake ndiyo inayolia, na sehemu ya kilio chake ni maji magumu. Punguza maji ya ziwa kwa ya mvua, nusu kwa nusu, polepole, asilimia 10 kila mara, ufike KH 17 hivi. Hapo 30 mg/L ni pH 7.2. Gesi bila kushughulikia maji ni kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

---

Jiwe_Jeusi (Goma)

Lubumbashi amesema kweli juu ya maji, ila mvua ya Goma ina masharti yake. Moshi wa volkano ya Nyiragongo ukielemea upande wetu, mvua inashuka na asidi na floridi, na ikipita kwenye bati inachukua zinki. Kamba wadogo hufa kabla ya samaki. Acha mvua ya nusu saa ya kwanza isafishe paa, kinga inayofuata, na usikinge siku ambazo majani ya bustani yanaonyesha madoa ya kuungua.

Juu ya kukosa haja ya gesi sikubali yote. Bolbitis yenye CO2 na isiyo nayo ni kama mimea miwili tofauti. Ila mwani wa nyuzi hautoki kwa kukosa gesi peke yake. Saa 9 za taa na gesi inayopanda na kushuka ndiyo chakula chake. Shusha taa hadi saa 7, na umeme ukikatika katikati usirudishie zile saa usiku.

Mpira wa serumu: kwa hamira unafaa, kwa asidi usiutegemee kabla ya vali ya sindano. Ni laini, kichupa chake cha matone kinavimba. Baada ya vali ya sindano unaweza kuutumia, na kichupa hicho ndicho kihesabu viputo kizuri kuliko vya kununua. Kigeuze kichwa chini, ile ncha ya kuchomea chupa ya serumu ielekee chini. Tia maji nusu kwa sindano. Gesi ikiingia kwa ile ncha, inatokea kwenye kijitundu cha matone, inapanda ndani ya maji kiputo kimoja kimoja. Chini yake weka vali ya njia moja, la sivyo gesi ikisimama maji yanarudi nyuma. Angalia ubavuni mwa ile ncha: seti nyingi zina tundu la hewa lenye kifuniko kidogo cheupe au cha buluu. Lifunge kabisa, kwani watu hutafuta uvujaji siku nzima nalo liko wazi mbele yao. Ile gurudumu ya kubana isikudanganye kuwa ni vali: hamira ukiibana haisimami, inajaza presha mpaka kifuniko kiruke. Na mpira wa silikoni, ule laini wa hewa, haufai. CO2 inapenya ukuta wake.

Kuyeyusha gesi. Jiwe la hewa linatoa viputo vikubwa vinavyokimbilia juu na gesi yote inaishia chumbani. Ukiwa na pampu ya chujio, ingiza mpira kwenye mdomo wake wa kunyonya, panga zake zitaisaga. Umeme ukikatika, pampu inalala, viputo vinapotea. Kwa mtaa unaokatikiwa mara kwa mara, kengele ni bora: kata chini ya chupa ya nusu lita, funga kifuniko, ibane ndani ya tangi mdomo mpana ukiangalia chini, gesi iingie chini yake na ikae hapo ikiyeyuka taratibu. Haina haja ya umeme wala presha. Mara moja kwa wiki igeuze utoe hewa iliyokusanyika, kwa sababu naitrojeni na oksijeni za maji nazo huingia humo na kuchukua nafasi.

Mazuku: waambie nyumbani wasiogope. Ni gesi ile ile, na inakaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, lakini kipimo ni kingine kabisa. Mtu mzima akipumua siku nzima hutoa karibu kilo moja ya CO2. Chupa yako inatoa gramu 100 kwa wiki mbili. Hatari ya chupa ni kupasuka, si kukaba. Ila kuna wanaouliza kama wanaweza kukinga gesi ya mazuku yenyewe kule Bulengo au Keshero na kuileta kwenye tangi. Hapana. Shimo linaloua mbuzi usiku usio na upepo litakuua wewe pia ukiinama na mpira mkononi.

---

Himbi80 (Goma)

Nimeelewa. Naanza na hamira chupa mbili na kengele, huku nikitafuta vali za asidi. Lakini kama KH yenyewe itakuwa inabadilika ninapoongeza mvua, nitajuaje CO2 imefika ngapi?

---

Majani_ya_Kadutu (Bukavu)

Usipime maji ya tangi. Tumia kipima rangi: kikombe kidogo kilichogeuzwa ndani ya tangi, juu kina maji yako maalumu yenye dawa ya pH ya buluu (bromothimoli), na kati yake na maji ya tangi kuna hewa. Gesi pekee ndiyo inayovuka hewa hiyo, bikabonati ya ziwa haivuki, kwa hiyo KH ya tangi haina neno, na mwinuko wa Goma vilevile.

Maji maalumu ni ya KH 4, uyatengeneze kwa maji yaliyotoneshwa (ya mvuke uliopozwa), si ya bomba. Bikabonati gramu 1.2 katika lita moja inakupa KH 40. Chukua ml 100 za hayo, ongeza ml 900 za maji yaliyotoneshwa, umefika 4. Gramu 1.2 haipimiki kwa kijiko. Nenda na karatasi kwa mtu mwenye mizani ya dhahabu, hapa Bukavu hawakosekani. Tia ml 2 katika kikombe na matone 3 ya dawa. Buluu: gesi ni kidogo. Kijani cha jani changa la ndizi: karibu 30. Njano: zidisha hewa, punguza gesi.

Inachelewa saa mbili kusema ukweli, kwa hiyo rangi ya saa 6 mchana ni habari ya saa 4. Wiki ya kwanza isome mara mbili, mchana na kabla ya kuzima taa. Kwa hamira isome na alfajiri pia, na ukikuta njano, jiwe la hewa liwake usiku kucha.